Bendera Zilizopanda Kibo

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, mchapishaji wa vitabu kutoka Leipzig, alifika kilele cha Kibo pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller. Akasimika pale bendera ndogo ya Ujerumani, na kilele akakipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Miaka minne baadaye, kutoka mji ule ule wa Leipzig, walifika Machame walimu wa Injili ambao sharika zetu nyingi huhesabu mwanzo wake kwao. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ofisa kijana wa jeshi, Luteni Alexander Nyirenda, akasimika juu hapo bendera ya Tanganyika na Mwenge, na kilele kikaitwa Uhuru. Kati ya bendera hizo mbili imepita miaka 72. Katika miaka hiyo zilipepea miteremkoni bendera nyingine mbili: ya mfalme wa Uingereza, na ya Wachagga wenyewe. Hiyo ya Wachagga wengi wa vijana wetu hawajapata hata kuisikia.

Tunaandika habari hizi kwa sababu swali moja hurudi katika vikao vyetu kila Desemba, pale mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapofika Moshi yamejaa watoto wa mlimani wanaorudi kula Krismasi kihambani. Je, Mkristo anaweza kujivunia kabila lake? Na taifa lake je? Wengine hujibu mara moja kwamba wenyeji wetu uko mbinguni, kama Paulo alivyowaandikia Wafilipi, na kwa hiyo mambo ya makabila na mataifa ni ya dunia hii inayopita. Wengine huona jibu hilo ni la mtu ambaye hajawahi kunyang'anywa kihamba. Sisi tunadhani mlima wetu umekwisha kulijibu swali hili mara kadhaa, mara nyingine vizuri na mara nyingine vibaya, na majibu yote yamo katika historia ya sharika hizi.

Hapo mwanzo mambo yalikuwa mepesi. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, alikuwa Mjerumani wa Württemberg, lakini aliyemtuma alikuwa CMS, chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Alisafiri na kiongozi Mswahili, Bwana Kheri, na alipouliza kitu kile cheupe ni nini akaambiwa ni baridi tu. Mabingwa wa jiografia wa London walimcheka miaka mingi kwa kusema kuna theluji karibu na ikweta. Mjerumani akahubiri kwa fedha za Waingereza, na Waingereza wakamkatalia Mjerumani theluji yake. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa vitabu, haukumwaga damu ya mtu.

Miaka 40 baadaye urahisi huo haukuwapo tena. Mwaka 1885 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa misafara walimwita Mandara, alitia alama yake katika mkataba wa kampuni ya Wajerumani, na mwaka huo huo Waingereza wa CMS wakaanza kazi katika nchi yake. Mwaka 1886 serikali za Berlin na London zikakubaliana mpaka. (Hadithi ile tunayowapa wageni, kwamba malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya sikukuu, ni tamu lakini si kweli. Mpaka ulipindishwa mezani na watu waliokuwa wakipimiana bandari na mikataba. Tunaipenda hadithi kwa sababu ndani yake mlima wetu ni zawadi ya kifalme, na si fungu katika mgao.)

Rindi alikufa mwaka 1891, mwanawe Meli akatawala. Juni 1892 kikosi cha Wajerumani kilipanda kumtiisha, kikashindwa vibaya, na kiongozi wake Luteni von Bülow akafa. Wajerumani waliona haya, na mwenye haya hutafuta wa kulaumu. Wakawatuhumu wamisionari Waingereza kwamba walimsaidia Meli. Mwaka huo huo Askofu Tucker wa CMS akaona hapana njia, watu wake wakashuka Taveta, ng'ambo ya mpaka, na kazi ya Moshi ikaachiwa misioni ya Leipzig.

Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyopata kuwa Walutheri. Hatukukaa chini kulinganisha Ungamo la Augsburg na kitabu cha sala cha Waingereza. Bendera ilibadilika, na mwalimu akabadilika pamoja nayo. Ndugu zetu Wakatoliki, ambao mapadre wao walikuwa wameanza Kilema kabla ya Walutheri kufika, wana historia inayofanana na hiyo. Kibosho na Machame zilikuwa zimepigana kwa miaka mingi, na hata leo ukiuliza Kibosho ni ya dhehebu gani na Machame ni ya dhehebu gani, jibu linafuata mpaka ambao wamangi waliuchora kwa mikuki. Tunamshukuru Mungu kwa Injili iliyotufikia kwa njia hiyo iliyopinda. Lakini mtu akituambia kwamba imani yake ni safi, haijaguswa na mambo ya mataifa, tunamwomba ahesabu vizuri.

Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa, Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pale Old Moshi, pamoja na Molelia wa Kibosho na viongozi wengine, kwa shtaka la kula njama. Kichwa chake kikakatwa. Wazee husimulia kwamba hakufa upesi. Wakati huo misioni ya Kidia ilikuwa na miaka minne, na si mbali na mti ule. Vijana waliokuwa darasani Kidia walikuwa wakifundishwa amri ya tano, ile inayokataza kuua, na walimu wa taifa lile lile lililomnyonga mangi wao. Tukitaka kujua kwa nini baadhi ya babu zetu walikawia kubatizwa, tusiseme upesi kwamba walishikilia giza.

Kuna jambo jingine katika kifo hicho, na ni gumu zaidi kulisema mlimani kuliko habari za Wajerumani. Watu wa Old Moshi husimulia, na mwanahistoria Kathleen Stahl ameliandika, kwamba tuhuma dhidi ya Meli zilichochewa na Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa amejipatia upendeleo bomani. Siku zile hapakuwa na Mchagga. Alikuwapo Mmachame, Mkibosho, Mmoshi, Mmarangu, Mrombo, kila mmoja na mangi wake, na jirani wa ng'ambo ya bonde aliweza kuwa adui kuliko mgeni aliyetoka baharini. Uchagga mmoja tunaoujivunia leo, ule unaotukusanya Dar es Salaam na Mwanza kwenye misiba na harusi, ni mdogo kwa umri kuliko Kanisa letu. Ulijengwa kwa kahawa, kwa shule, kwa barabara, na kwa kiasi kikubwa kwa wino wa watu wa Kanisa.

Wa kwanza katika hao ni Nathaniel Mtui wa Marangu, mwalimu wa misioni. Kabla na wakati wa vita vya 1914 aliketi akaandika habari za wamangi, daftari baada ya daftari, kwa lugha ya nyumbani. Bila yeye tungekuwa na nusu tu ya tunayoyajua. Kisha kuna Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kukaa Old Moshi sehemu kubwa ya maisha yake hadi 1938. Gutmann anastahili tusimame kwake kidogo.

Yeye hakutaka Wachagga wawe Wajerumani weusi. Aliamini kwamba Mungu amemuumba mtu akiwa amefungwa tayari kwa watu: kwa ukoo wake, kwa majirani zake, kwa rika lake. Vifungo hivyo, alisema, si vya kukatwa mtu anapobatizwa, Injili ivijaze. Akaupanga usharika kwa ujirani na kwa rika, na vijana wa kipaimara akawafunga wawili wawili ili kila mmoja awe ngao ya mwenzake. Akaandika sheria za Wachagga, akaandika mafundisho ya jando kwa majuzuu, akatafsiri Agano Jipya kwa Kimochi. Mtu anayedhani kwamba misioni yote ilikuja kufuta utamaduni na asome habari za Gutmann. Katika nyumba nyingi za Old Moshi jina lake bado hutajwa kama la mzee wa ukoo.

Lakini mawazo hayo yalikuwa na upande wa pili. Huko kwao Ujerumani, lugha ile ile ya damu na udongo na vifungo vya asili ilichukuliwa na watu wengine. Mwaka 1933 sehemu ya Kanisa la Kiprotestanti ilikubali kwamba damu ya taifa nayo ni ufunuo wa Mungu, na waumini wenye asili ya Kiyahudi wakaanza kusukumwa nje ya makanisa waliyobatizwa. Mwaka 1934 wengine walikusanyika Barmen na kukiri kwamba Kanisa lina Neno moja tu la kusikiliza, nalo ni Yesu Kristo. Hatusemi kwamba Gutmann wa Kidia alikuwa mtu wa namna ile. Alipenda watu ambao hawakuwa wa damu yake, na hilo peke yake linamtenga nao. Tunasema tu kwamba mbegu ya kulipenda kabila, aliyoipanda kwa upendo, haina alama juu yake inayoonyesha itazaa nini. Hata mlimani ilikuwa na kasoro yake. Gutmann aliionea shaka lugha ya Kiswahili, akaona ni ya misafara na ya pwani, isiyo na mizizi. Angefuatwa katika hilo, leo mwana wa Old Moshi na mwana wa Bukoba wasingeweza kuimba pamoja hata ubeti mmoja. Machame nako walikuwa wakitumia Kimachame chao. Hata lugha ya nyumbani haikuwa moja.

Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeonyesha tayari Kanisa hili ni la nani. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na mwaka 1920 Waingereza wakawafukuza wamisionari Wajerumani, kwa sababu tu walikuwa Wajerumani. Yaliyowapata Waingereza mwaka 1892 sasa yaliwapata waliochukua nafasi yao. Ilikuwa rahisi kutabiri kwamba Ulutheri wa Kilimanjaro utakufa, kwa kuwa bendera yake imeshuka. Haukufa. Walimu Wachagga waliendelea kufundisha, kuzika na kuongoza ibada mpaka walipofika Waamerika wa Sinodi ya Augustana kusaidia, na baadaye Walipsia wakaruhusiwa kurudi. Wale walimu hawana sanamu popote. Lakini kama tunatafuta tarehe ambayo Kanisa la mlimani lilikoma kuwa la wageni, sisi tungechagua miaka hiyo.

Waingereza walileta bendera yao kwa namna tofauti. Hawakupanda kuisimika kileleni kwa fahari. Waliiweka bomani na shuleni, wakaleta sherehe. Tarehe 24 Mei ilikuwa Sikukuu ya Dola, na katika makoloni yao watoto wa shule walipiga gwaride na kumwimbia mfalme wimbo ambao ni sala. Jambo la ajabu kwa Waingereza ni kwamba walisherehekea dola kwa urahisi kuliko walivyosherehekea nchi yao wenyewe. Uingereza yenyewe, ukiondoa Scotland, Wales na Ireland, haina wimbo rasmi wa taifa hadi leo. Mtakatifu wake mlinzi, George, ambaye siku yake ni 23 Aprili, kwa mapokeo alikuwa askari wa nchi za mashariki na hakukanyaga Uingereza. Wapo Waingereza wengi wanaoiona bendera yake ya msalaba mwekundu na kujisikia vibaya, kwa sababu wameiona mikononi mwa watu wanaochukia wageni. Na wapo wanaoona ni aibu kuwaachia watu hao msalaba. Tunawatazama wakibishana na tunaona ubishi wetu wenyewe ukiwa umevaa koti.

Mmoja wao, Charles Dundas, mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga kulima kahawa wakati walowezi walitaka wazuiwe. Mwaka 1925 ilianzishwa Kilimanjaro Native Planters Association, rais wake Joseph Merinyo wa Old Moshi, aliyelelewa na misioni. Nayo ikazaa KNCU. Dundas aliandika pia kitabu kwa Kiswahili, Asili na Habari za Wachaga. Kwa hiyo wazee wetu wengi walisoma asili yao wenyewe kwa mkono wa ofisa wa mfalme wa Uingereza, kwa lugha ya pwani, na wakasema: ndiyo, hawa ni sisi.

Mwaka 1949 Petro Njau, mwalimu wa zamani na mwanafunzi wa Gutmann, aliongoza kuundwa kwa Kilimanjaro Chagga Citizens Union. Umoja huo ulitaka wamangi wengi wawe chini ya mmoja. Mwaka 1951 Wachagga walipiga kura, wakamchagua Thomas Marealle wa Marangu kuwa Mangi Mkuu. Alikuwa na elimu ya Uingereza, kijana, msemaji mzuri. Tena alikuwa mjukuu wa yule Marealle tuliyemtaja. Kwamba watu wa Old Moshi nao walimpigia kura mjukuu huyo, miaka 51 baada ya mti ule, kwetu ni jambo kubwa ambalo halijahubiriwa vya kutosha. Mlimani mtu anayeomba msamaha hutanguliza jani la isale, na mwenye kinyongo akilipokea hawezi tena kukataa. Hatujui neno jingine la kuelezea kura ile.

Kisha zikaja sherehe. Kila Novemba ikawa Siku ya Wachagga. Kulikuwa na bendera, kulikuwa na wimbo, na lilikuwapo gazeti, Komkya, yaani kumekucha, lenye jina la Kichagga na habari za Kiswahili. Ukitazama vizuri utaona umbo la sherehe hizo limetoka wapi: siku maalumu, bendera, wimbo, hotuba ya mkuu. Ni Sikukuu ya Dola iliyovikwa nguo za nyumbani. Hatusemi hivyo kwa dharau. Watu waliokuwa wameambiwa kwa miaka 60 wasimame kwa heshima ya bendera za wengine walitaka angalau siku moja wasimame kwa heshima yao wenyewe. Aliyewahi kuona baba yake akivua kofia mbele ya karani atawaelewa. Furaha ile ilikuwa ya haki, na Wakristo waliokwenda uwanjani kuimba hawakutenda dhambi.

Mwezi huo huo wa Novemba, mwaka 1955, Marangu ilikuwa na mkutano mwingine. Walutheri kutoka sehemu nyingi za Afrika walikusanyika pale, mara ya kwanza katika historia yetu, kuulizana Kanisa la Afrika liungame nini kwa sauti yake lenyewe. Uwanjani Moshi tulisherehekea kuwa Wachagga. Marangu tulikuwa wenyeji wa Waafrika ambao hata salamu zao hatukuzijua, na tuliwalisha ndizi zetu. Hatuoni kwamba mkutano mmoja ulikuwa wa kidunia na mwingine wa kiroho. Tunaona kwamba wa kwanza ulitupa nyumba, na wa pili ukatuuliza nyumba hiyo ina mlango.

Mlango ndio ulioleta shida. Mangi Mkuu alichaguliwa, lakini kadiri miaka ilivyopita ikaonekana kwamba cheo kilitakiwa kibaki katika nyumba moja. Walioona nchi nzima ikisonga kuelekea uhuru chini ya TANU waliuliza Wachagga wanataka kuwa taifa peke yao mpaka lini. Mbele ya wapinzani alisimama Solomon Eliufoo wa Machame, mwalimu, Mlutheri, mtu wa TANU. Mwaka 1960 watu waliulizwa kwa kura, wakamwondoa Mangi Mkuu, na Eliufoo akawa Rais wa Wachagga, cheo ambacho nacho hakikudumu. Walutheri walikuwa pande zote mbili, wakikutana Jumapili kwenye meza moja ya Bwana. Tusiwageuze walioshindwa kuwa wajinga wala wasaliti. Walipenda walichopewa kukipenda. Lakini tunaamini walioshinda waliona mbali zaidi.

Ndipo ukafika usiku ule wa Desemba 1961. Miaka miwili kabla, Oktoba 1959, Julius Nyerere alikuwa amelizungumzia Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro ili uangaze nje ya mipaka yetu, kwa wale wasio na tumaini, wanaochukiwa na wanaodharauliwa. Bendera ya Meyer ilisema: huku ni kwetu. Mwenge, kwa maneno ya Nyerere, ulikuwa kwa ajili ya watu wa upande wa pili wa mpaka. Aliyeupeleka juu, Nyirenda, hakuwa na jina la ukoo wowote wa Kilimanjaro. Na wimbo tuliouimba chini ulitungwa kuwa wimbo wa kanisa, na Enoch Sontonga, mwalimu Mmethodisti wa Johannesburg, mwaka 1897. Maneno yetu ya Kiswahili huiombea baraka Afrika nzima kwanza, na Tanzania baadaye. Hatuzijui nchi nyingi ambazo katika wimbo wao wa taifa huanza kwa kuwaombea majirani.

Kanisa nalo lilikwenda njia hiyo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, na aliyewekwa kuliongoza alikuwa mwana wa mlima huu, Askofu Stefano Moshi. Aliwachunga Wahaya, Wabena, Wazaramo, watu ambao babu yake asingejua waelekee upande gani kuwatafuta.

Lingekuwa jambo jema kuishia hapo, lakini kati ya 1990 na 1993 wenzetu wa Meru, waliokuwa nasi katika Dayosisi ya Kaskazini, walidai dayosisi yao. Manung'uniko yao hayakuwa ya bure. Walikuwa wamechoka kuona mambo yao yakiamuliwa Moshi. Lakini madai yakageuka kuwa vita ya wana wa kanisa moja. Watu waliumizana, mali zikaharibiwa, na waliokuwa wameketi benchi moja la kwaya wakaogopana. Dayosisi ikapatikana, makovu yakabaki. Wakati ule tulipenda kusema kwamba kosa ni ukabila wa Wameru. Kabila la wenye kiti huwa halionekani, kwa sababu linaitwa utaratibu.

Kuna nabii ambaye Agano la Kale linamtaja mara mbili, na mara ya kwanza wengi huipita. Katika 2 Wafalme 14 Yona mwana wa Amitai anatabiri kwamba mipaka ya Israeli itarudishwa, na inarudishwa kweli. Huyo ndiye Yona aliyependa nchi yake, na Mungu hakumkemea kwa neno lile, maana alikuwa ameyaona mateso ya Israeli. Ni yule yule aliyetumwa baadaye Ninawi akakimbilia Tarshishi. Hakumwogopa samaki wala mfalme wa Ashuru. Aliogopa kwamba Mungu atawahurumia wasio wake. Kitabu kinakwisha kwa Mungu kumuuliza juu ya watu wa mji ule, na wanyama wao pia, na Yona hajibu.

Old Moshi mti bado upo, na tarehe 2 Machi watu hukusanyika kumkumbuka Meli. Mwaka 2023 wenye makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya mafuvu waliyoyahifadhi na familia zilizo hai hapa Kilimanjaro. Kichwa cha Meli hakikuwamo katika yaliyotambuliwa, na ukoo wake bado unakitafuta. Sharika zetu nyingi zina marafiki Ujerumani, wengi wao huko huko Leipzig. Hutuletea salamu, huchangia shule na zahanati, na wakija huimba nasi tenzi ambazo babu zao walitufundisha. Tunawapokea vizuri. Huwapeleka Marangu kwenye lango la mlima, huwapeleka Machame kuona mahali walimu walipopiga hema mwaka 1893, na kwa muda mrefu tulikuwa tukipitisha gari Old Moshi bila kusimama, kwa kuogopa kuwaudhi wageni.

Katika ziara za siku hizi baadhi ya sharika zimeanza kusimama pale. Wageni hushuka, mzee wa usharika husimulia yaliyotokea bila kupunguza, na husimulia pia habari za Marangu. Kisha wote huomba, kila mtu kwa lugha ya kwao.